Visu Vinne na Daftari Moja

Kisu kilichomo mfukoni mwangu leo ni cha nne. Cha kwanza nilikiuza kwa hasara, cha pili kilinikata kidole, na cha tatu kiliishia kwenye sanduku la wakaguzi wa uwanja wa ndege. Vyote nilivinunua baada ya kusoma kwa miezi, na hilo ndilo lililoniuma. Sikukosea kwa uzembe. Nilikuwa nasoma majibu ya maswali ya watu wengine, kisha nalipa fedha zangu mwenyewe. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ameshaweka akiba pembeni na sasa anasita kati ya visu viwili vitatu vya bei kubwa, asijue hasa kinachovitofautisha.

Kazi yangu ni ya ghala. Kutwa nafungua makatoni, nakata mikanda ya nailoni, kamba, utepe wa gundi, na yale maganda ya plastiki ngumu yanayofunika vifaa. Kwa miaka mingi nilitumia kisu cha wembe wa kukatika, kile cha kusukuma wembe mbele kwa kidole gumba. Siku moja nilikuwa nakata mkanda uliokazwa sana, wembe ukavunjika, kipande kikaruka na kupita karibu na jicho. Jioni ile niliamua kutafuta kisu cha kukunja cha maana: kinachofunguka kwa mkono mmoja, kinachojifunga kikishafunguka (yaani kifungio kinalishika bapa lisijikunje), kinachonoleka, na kinachoweza kukaa nami miaka ishirini. Uamuzi huo siujutii. Ninachojutia ni njia niliyopita.

Niliingilia mlango wa chuma. Wengi huanzia hapo, kwa sababu majina ya vyuma yana namba, na namba humpa mtu hisia kwamba anajua anachokifanya. S30V, S35VN, M390, 20CV, MagnaCut. Nilijifunza kwamba vyuma hivi hutengenezwa kwa njia ya unga: chuma kilichoyeyushwa hupulizwa mpaka kikawa chembe ndogo sana, kisha chembe hizo hushindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa zikawa donge moja. Kwa njia hiyo zile punje ngumu zilizomo ndani ya chuma, yaani kabaidi, zinabaki ndogo na kutawanyika sawasawa, na makali yanadumu bila kumeguka ovyo. Nilijua kwamba S30V ilitoka mwaka 2001, kampuni ya Crucible ya Marekani ikiwa imeshauriana na watengenezaji visu akiwemo Chris Reeve. Nilijua kwamba M390 ina kromi, inayozuia kutu, kama asilimia 20 na vanadi, inayounda kabaidi ngumu, asilimia 4, na kwamba MagnaCut ilibuniwa na mtaalamu wa metali Larrin Thomas na kuingia sokoni mwaka 2021.

Yote hayo ni kweli na yana maana yake. Lakini kisu nilichonunua kwa kuyategemea kilikuwa na chuma bora, bapa nene la milimita nne, na mpini mnene wa kujaza kiganja. Nilidhani unene ni uimara. Kilikula akiba ya miezi mitano.

Siku ya kwanza kilinyoa vinyweleo vya mkono na kupasua karatasi bila sauti. Nilifurahi kama mtoto. Siku ya pili nikaingia nacho ghalani, nikakichomeka kwenye katoni lenye kuta mbili, nikavuta. Kiliingia sentimita moja kikakwama. Nikavuta kwa nguvu, katoni likachanika badala ya kukatika. Mwenzangu aliyekuwa pembeni alikuwa anafungua mzigo wake kwa wembe wa kukatika wa bei ya chini kabisa, na alikuwa ananipita mbali. Nilisema kimoyomoyo kwamba kisu changu kimekuja butu, nikakipeleka kwa mzee mmoja ambaye amekula chumvi nyingi kwenye kunoa patasi za maseremala na mikasi ya washonaji.

“Mzee, kisu hiki kimeisha makali na hata wiki hakijamaliza.”

Alikipokea kwa mikono miwili, akaugusisha ukucha kwenye makali, akakiinua kwenye mwanga.

“Makali yapo, mwanangu. Ugonjwa uko nyuma ya makali.” Akachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, akapima pale mahali ambapo mteremko wa makali unaanzia. Karibu milimita moja. “Hiki si kisu. Hii ni kabari. Kabari inapasua gogo, haikati katoni.”

Kisha akaupima ule wembe wa kukatika nilioubeba mfukoni. Wembe wenye upana wa milimita 18 una unene wa nusu milimita tu, tena mwili wote. Hapo nikaelewa nilichokuwa nikikitazama ghalani bila kukiona. Kinachopita ndani ya katoni si ule ukingo mwembamba peke yake. Bapa zima linaufuata, na katoni linalibana kutoka pande zote mbili. Chuma bora huamua makali yatadumu muda gani. Umbo huamua kama kisu kitakata hata kabla ya swali hilo kufika. Kwa kisu cha kutembea nacho, unene wa nyuma ya makali ukiwa kati ya milimita 0.3 na 0.5 unatosha kabisa. Muuzaji makini anaweza kukupimia kwa dakika moja. Mimi sikuwahi kuuliza, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kwamba swali hilo lipo.

Nikajitia kukirekebisha mwenyewe. Nilinunua kinoo cha kawaida, kile cha kijivu chenye pande mbili, nikakaa nacho jioni mbili mfululizo. Nilichopata ni mikwaruzo kwenye bapa na ncha iliyoviringana. Baadaye mzee alinieleza kwa nini: vinoo vingi vya kawaida ni vya oksidi ya alumini, na kabaidi ya vanadi ni ngumu kuliko oksidi hiyo. Kinoo kinakwangua chuma kilichozunguka punje ngumu na punje zenyewe zinakicheka. Vyuma vyenye vanadi nyingi vinataka kinoo cha almasi, yaani bamba la metali lililopakwa chembe za almasi. Hiyo ni gharama nyingine, na nakusihi uiweke kwenye hesabu siku ileile unayopanga kununua kisu. Kisu cha bei kubwa ambacho huwezi kukinoa nyumbani kitakuwa kizuri kwa miezi miwili tu.

Kuhusu kunoa kwenyewe, nitasema kidogo kwa sababu mikono hujifunza kuliko macho. Pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande inafaa kwa kazi za kawaida. Paka kalamu ya wino mzito kwenye mteremko wa makali kabla ya kuanza: wino ukifutika wote sawasawa, pembe yako ni sahihi, ukifutika juu tu au chini tu, rekebisha mkono. Noa upande mmoja hadi uhisi, ukipapasa kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, kijinywele cha chuma kimechomoza upande wa pili urefu wote wa bapa. Ndipo ugeuze. Waanzaji wengi wanaacha kabla kijinywele hicho hakijatokea, kisha wanalaumu kinoo. Mwishoni kiondoe kwa mikwaruzo myepesi ya kupishanisha na kipande cha ngozi. Jifunzie kwenye kisu cha bei ndogo. Mimi nilijifunzia kwenye akiba ya miezi mitano.

Nilikiuza kwa nusu ya bei. Aliyekinunua anakata matawi bustanini na anakipenda. Kisu hakikuwa kibaya. Kilikuwa kisu chake.

Cha pili naona aibu kukisimulia, lakini nikikiruka sitakuwa nimetenda haki. Fedha zilikuwa zimepungua na hamu haikuwa imepungua. Mtandaoni nikaona kisu cha muundo unaojulikana sana, mpini wa titani, kwa chini ya theluthi ya bei yake. Muuzaji aliandika kwamba kimetoka kiwanda kilekile, ila hakina boksi. Moyoni nilijua. Hakuna kiwanda cha visu vya daraja hilo kinachoachia kazi yake kwa theluthi ya bei. Nilijua, nikalipa.

Kilipofika, maandishi kwenye bapa yalikuwa na kingo zenye ukungu, skrubu zilikuwa za aina tofauti na zile za kwenye picha za kiwanda, na makali yalikufa baada ya makatoni kumi hivi, jambo ambalo chuma kilichoandikwa pale kisingefanya. Ningepaswa kukitupa siku hiyo. Nikaendelea nacho kwa sababu tayari nilikuwa nimekilipia.

Wiki ya tatu nilikuwa nakata mkanda uliokaza hadi haukuacha nafasi ya kupitisha makali chini yake. Nikageuza kisu, nikausukuma mkanda kwa ncha. Kifungio kikateleza, bapa likajikunja juu ya kidole cha shahada. Nilishonwa nyuzi nne, na kwa wiki mbili sikuweza kushika kalamu vizuri. Nakumbuka zaidi ule ubaridi wa sekunde ya kwanza, kabla ya maumivu, nikitazama mkono wangu kama si wangu.

Makosa yalikuwa mawili, nami hupenda kuyatenganisha. La kwanza ni la kisu bandia: kile kibamba cha titani kinachosimama nyuma ya bapa kuzuia lisijikunje kilikuwa kinagusa pembeni kabisa, kwenye ukingo. La pili ni langu: nilisukuma kwa ncha, na kusukuma kwa ncha ndiko hasa kunakolisukuma bapa lijikunje. Hata kifungio bora duniani hakikupi ruhusa ya kuweka vidole kwenye njia ya bapa.

Baada ya hapo nikajifunza vifungio kwa bidii ambayo awali niliitumia kwenye vyuma. Aina ni nyingi na kila moja ina tabia yake. Kuna kifungio cha mgongoni, ambacho Buck 110, kisu cha kampuni ya Buck ya Marekani, ilikifanya kijulikane kote tangu mwaka 1964: ni imara, lakini kukifunga kwa mkono mmoja ni kazi. Kuna pete ya kuzungusha ya Opinel, visu vya Kifaransa, ya mwaka 1955, rahisi na ya kuaminika ukikumbuka kuizungusha. Kuna kibamba chembamba cha ndani ya mpini, ambacho Michael Walker alikiboresha miaka ya 1980 mwanzoni. Chris Reeve akaenda mbele akaufanya upande mzima wa mpini uwe ndio kifungio. Kuna kipini kinachokatiza mpini kutoka upande hadi upande, kikivutwa na springi mbili, ambacho kampuni ya Benchmade ilikitoa mwaka 1998 kwa jina la Axis. Hicho cha mwisho kina faida ambayo watu hawaisemi vya kutosha: unakifunga bila kidole chochote kupita mbele ya makali, na mtu wa mkono wa kushoto anakitumia sawa na wa kulia.

Ukipewa kisu mkononi, fanya haya kabla ya kusifu rangi ya mpini. Kifungue polepole, utazame kifungio kinapogusa: kama ni kibamba, kiwe kimeingia kiasi cha theluthi hadi nusu ya upana wa kitako cha bapa, si ukingoni wala si upande wa pili kabisa. Shika mgongo wa bapa, ulitikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Usisikie mchezo wowote. Ondoa vidole vyote kwenye njia ya makali, kisha bonyeza mgongo wa bapa kwa kiganja kana kwamba unataka kukifunga. Kisha kikunje, elekeza ncha chini, ukitikise kwa upole. Bapa likining'inia nje lenyewe, kirudishe mezani, maana siku moja kitafunguka mfukoni.

Cha tatu kilikuwa kisu kizuri. Nakisema hivyo kwa masikitiko. Kilikuwa na kipini cha kukatiza, mpini wa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, bapa jembamba, na uzito usiofika gramu 60. Kilikata katoni kama karatasi. Kilikuwa chepesi kiasi kwamba nilikisahau mfukoni, na kwa miezi sita hiyo ndiyo sifa niliyoisimulia kila mtu.

Alfajiri moja nikaenda uwanja wa ndege na begi la mkononi tu. Mfuko ukapita kwenye mashine, mkaguzi akaniita kando. Alikuwa mtu mstaarabu. Alinieleza kwamba naweza kurudi nje nikampe mtu anishikie, au nikiache. Nilikuwa peke yangu na mlango wa ndege ulikuwa unafungwa baada ya dakika ishirini. Nikakiona kikidondoka ndani ya sanduku la plastiki juu ya mikasi na chupa za watu wengine. Tangu siku hiyo kisu changu kinalala kwenye sahani moja na funguo za nyumba, si kwenye suruali, na usiku wa kuamkia safari sahani ile ndiyo kitu cha kwanza ninachokitazama.

Tukio hilo lilinifanya nisome sheria, jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kabisa. Muundo unaosifiwa mahali pamoja ni kosa mahali pengine. Uingereza, kisu unachoweza kutembea nacho hadharani bila kutoa sababu ni cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Kikiwa na kifungio, lazima uwe na sababu nzuri. Ujerumani, tangu 2008, sheria ya silaha inakataza kutembea na kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga, isipokuwa kwa sababu inayokubalika. Tazama hapo: mkono mmoja na kifungio, vitu viwili nilivyovitaka kuliko vyote, ndivyo hasa vinavyoguswa. Soma sheria ya mahali unapoishi na ya kila mahali unapopita, uisome yenyewe, usitegemee neno la muuzaji. Mahali pa kazi pia pana kanuni zake. Mimi nilimwandikia msimamizi wangu nikapata ruhusa kwa maandishi, na karatasi hiyo ninayo.

Basi nikasimama. Kwa miezi miwili sikununua kitu. Nikachukua daftari dogo, na kwa wiki mbili nikaandika kila nilichokikata, kwa kipi, mkono upi ulikuwa huru, na kama nilikuwa nimevaa glavu. Mtu akiniuliza leo aanzie wapi, namwambia aanzie hapo, kabla ya kusoma hata jina moja la chuma.

Daftari liliniambia mambo ambayo sikuyatarajia. Zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa katoni na utepe. Sikuwahi kuhitaji bapa refu kuliko sentimita saba. Mara nyingi nilitumia sentimita tatu za mbele tu. Mara kwa mara mkono mmoja ulikuwa umeshika mzigo, hivyo kufungua kwa mkono mmoja kulikuwa hitaji la kweli, si mapambo. Mara tatu niliandika “nimebandua kifuniko kwa ncha”, na nilipoiona mistari hiyo mitatu nikajua kilichowahi kunitoa damu. Nikanunua kijichuma kifupi cha kubandulia, cha bei ndogo sana, na hadi leo ncha ya kisu haijabandua kitu. Kulikuwa pia na mstari mmoja kuhusu dada wa mapokezi. Aliniomba nimkatie lebo ya nguo, nikatoa kisu cha mwenzangu chenye bapa kubwa jeusi, naye akarudi nyuma hatua moja. Kisu cha kutembea nacho kinaonwa na watu. Bapa dogo, lenye rangi ya chuma chake, linalofunguka bila mlio, linawaachia watu utulivu wao.

Na nikiri jambo ambalo wapenzi wa visu hawapendi kulisikia. Kama daftari lako litajaa bahasha, nyuzi na lebo, huhitaji kisu cha daraja la juu. Kisu kidogo cha mfukoni cha Victorinox ya Uswisi, chenye chuma cha ugumu wa kama 56 kwa kipimo cha Rockwell, kina bapa jembamba sana, kinakata vizuri, na kinanoleka kwa dakika tano kwenye kinoo chochote. Bapa lake linashikwa na springi tu, halijifungi, na kwa sheria za mahali pengi hilo ni nafuu.

Langu lilijaa makatoni na mikanda, kwa hiyo niliendelea. Kwa mara ya kwanza nilikataa kununua nisichokishika. Nilimpata mtu aliyekuwa anauza visu vyake alivyovikusanya kwa miaka, nikakaa naye saa mbili.

“Usiniambie unapenda kipi, kaka,” alisema. “Fungua kila kimoja mara hamsini, kisha niambie kidole kipi kinauma.”

Ushauri huo una thamani kuliko makala zote nilizosoma. Kisu kimoja kizuri mno kilikuwa na klipu ya kuning'inizia mfukoni ambayo kila nilipokaza kiganja ilinichoma mahali palepale. Kingine kilifunguka kwa kasi ya ajabu kwa kidude cha nyuma na beringi ndogo, lakini kwa glavu zangu za kazi sikuweza kukifunga. Mwenzangu niliyekwenda naye hutumia mkono wa kushoto, naye alivikataa vyote vyenye kibamba cha titani, kwa kuwa dole gumba lake halikifikii kibamba bila kujipinda. Hakuna kati ya mambo hayo lililokuwa kwenye jedwali la vipimo.

Nilichokichagua ni Sebenza 21, ile ndogo, iliyokwisha kutumika. Sebenza ni muundo wa Chris Reeve, aliouanzisha Afrika Kusini miaka ya 1980 kabla ya kuhamia Boise, Idaho, na jina lake ni neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Kilikuja na kadi yake ya tarehe ya kutoka kiwandani, nami nililinganisha maandishi, skrubu na umaliziaji wake na picha za kiwanda kabla ya kulipa. Jeraha la kisu bandia lilikuwa bado linanikumbusha. Hata kikiwa mkono wa pili kilinigharimu zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi. Nilimwambia mwenzi wangu kabla, si baada, na nilivumilia ukimya wake wa siku mbili. Nilistahili ukimya huo kwa vile vitatu vya kwanza.

Bapa lake ni la sentimita saba na nusu hivi, la chuma cha S35VN, na limekwanguliwa kwa mbonyeo pande zote mbili, hivyo ni jembamba nyuma ya makali. Kwa miaka watu wa namba wamelalamika kwamba kiwanda hicho hakikifikishi chuma chake kwenye ugumu wa juu unaowezekana. Zamani ningekikataa kwa sababu hiyo. Sasa naona upande wa pili: makali yanadumu kiasi cha wiki mbili za kazi yangu, na kuyarudisha kunachukua dakika kumi kwenye bamba la almasi. Kromi pia nilikuwa nimeielewa vibaya. Asilimia iliyoandikwa haitoshi kukuambia kama kisu kitashika kutu, kwa sababu sehemu ya kromi hufungwa ndani ya kabaidi na haifanyi kazi ya ulinzi. MagnaCut ina kromi isiyofika asilimia 11 na bado inazuia kutu kuliko vyuma vingi vinavyoizidi, kwa kuwa kromi yake karibu yote inabaki huru. S35VN ina 14, na jasho la mfukoni halijakitia doa.

Kina kasoro zake. Kinafunguka taratibu. Titani inateleza mkono ukiwa na jasho na inakwaruzika kwa kugusana na funguo. Wiki za mwanzo kibamba kilikuwa kinanata kwenye bapa. Nilipaka risasi ya penseli mahali vinapogusana, kukatulia. Ila kuna jambo moja linalonifanya nisikiache: kimeundwa kifunguliwe na mwenye nacho. Kwenye pini ya egemeo kuna kijibomba kilichopimwa kwa usahihi mkubwa, kiasi kwamba unakaza skrubu mpaka mwisho na bapa bado linatembea kwa ulaini, bila kubahatisha robo ya mzunguko. Viwanda vingine hufuta dhamana ukifungua skrubu. Uliza hilo kabla, hasa kama unafanya kazi penye vumbi.

Kwangu vumbi la makatoni ndilo adui mkubwa. Mara moja kwa miezi mitatu natandaza kitambaa cheupe mezani, nakifungua, nafuta zile washa za shaba, yaani vipete bapa vilivyo pande mbili za egemeo, naweka tone la grisi kwenye matundu yake, nafunga. Mara ya kwanza ilinichukua saa nzima, na moyo ulinidunda nilipodondosha skrubu moja chini ya kabati. Sasa ni robo saa. Kovu la kidole cha shahada hugusa mpini kila ninapokaza, na bila kukusudia nakuta nimeshaviondoa vidole kwenye njia ya bapa kabla ya kukata. Ncha imepungua kidogo kwa kunolewa, klipu imeng'aa kwa kusuguliwa na suruali. Kibamba, ambacho nilikikuta kimeingia theluthi, sasa kimekaribia nusu, nami hukitazama kila ninapokifungua kusafisha.